Senema Yataka Fundi Wake



Limekuwapo shauri katika mikutano ya matawi kwamba Jumuia yetu itengeneze senema yake yenyewe, ya kuonyesha kazi ya karafuu toka mche mpaka gunia, ili wanunuzi wa ng'ambo wapate kuijua karafuu yetu. Shauri hilo ni jema, nasi twaliunga mkono. Lakini wako wenzetu wasemao kwamba hapana haja ya kutoa fedha kumwita fundi, maana siku hizi kila kijana ana simu yenye kamera mfukoni. Hapo ndipo tusipokubaliana nao.

Jamvi liko katika kila nyumba, lakini kuwa na jamvi si kujua kuanika. Sote twajua kwamba karafuu iliyochumwa vizuri yaweza kuharibika chini: ikirundikwa mbichi hupata joto, ikinyeshewa hupauka, na bei yake hushuka. Kamera nayo ni kama jamvi. Ni chombo tu. Thamani yake hutoka kwa yule anayekitumia.

Na kazi ya fundi huanza kabla kamera haijatolewa mkobani. Kwanza huuliza: Ni nani atakayeitazama senema hii? Akiisha kuitazama, twataka afanye nini? Mnunuzi wa Mumbai na mtoto wa skuli wa Wete hawatazami kwa jicho moja. Kisha huandika mpango wa picha zote, ya kwanza mpaka ya mwisho. Akifika shamba huangalia jua. Chini ya mkarafuu pana kivuli kizito, na nyuma yake mbingu inang'aa. Asiyejua hupiga picha, na uso wa mchumaji ukatoka mweusi kama chungu. Fundi hungoja saa yake, au huweka ubao mweupe urudishe mwanga. Husikiliza pia upepo, kwani upepo kidogo tu huweza kuyameza maneno ya mzee anayeeleza. Mwisho huketi na picha za saa nyingi, akazichambua kama tunavyochambua karafuu na makonyo, mpaka zikabaki dakika chache zenye maana.

Tusidhani kwamba haya ni mapya. Katika miaka ya 1930 bodi iliyotangaza chai ya Ceylon, nchi ambayo sasa yaitwa Sri Lanka, ilitaka senema za kutangaza chai yake. Kazi ilisimamiwa na John Grierson, bingwa wa senema za mambo ya kweli, na aliyekwenda kupiga picha ni Basil Wright. Wangeweza kupiga picha za majani ya chai na vikombe, wakarudi kwao. Badala yake Wright alitengeneza Song of Ceylon, senema yenye sura nne, inayoonyesha dini ya watu, kazi zao na ngoma zao, na chai ikiwa ndani ya maisha hayo. Katika sura moja mtazamaji huona kazi za kisiwani, na huku asikia sauti za wafanya biashara wakitaja bei. Hakuhitaji kuelezwa kwa maneno mengi kwamba bei ya mbali humfikia mchumaji. Maelezo yalisomwa na Lionel Wendt, mwenyeji wa nchi ile. Senema hiyo ilipata tuzo ya kwanza Brussels mwaka 1935, na hata leo wanafunzi wa kazi hiyo huitazama. Tangazo lililofanywa ovyo lisingeishi hivyo.

Mfano wa pili ni wa Uholanzi. Mwaka 1958 Bert Haanstra alitengeneza Glas, senema fupi ya kiwanda cha vioo cha Leerdam. Haina msemaji, ina muziki tu, mikono na mashavu ya mafundi wanaopuliza kioo. Kisha yaja mashine ya chupa, na chupa moja inavunjika shingo, na zinazofuata zinaanguka na kupasuka moja baada ya moja. Mwenye kiwanda mwoga angesema, "Kateni hapo!" Lakini hapo ndipo watazamaji wanapocheka na kuelewa tofauti ya mkono na mashine. Mwaka 1960 senema hiyo ilipewa tuzo ya Oscar. Basi fundi mzuri hakupambi tu. Hukuambia na lile usilopenda kusikia.

Hata hivyo, hatusemi kwamba fundi ajua yote. Song of Ceylon, pamoja na uzuri wake, haikueleza ujira wa wachumaji. Anayelipa ndiye aliyekuwa na chai ya kuuza. Fundi ataleta jicho na mkono, lakini hajui kishada kilicho tayari kwa kuchumwa, wala hajui hofu ya mke ambaye mumewe yuko juu ya tawi jembamba. Hayo yatatoka kwetu. Tukinyamaza, atapiga picha za machweo na minazi, nasi tutakuwa tumelipa fedha ya karafuu kwa senema ya watalii.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Jumuia itafute fundi wa kweli, aonyeshe kwanza kazi alizokwisha kufanya. Mapatano yaandikwe: siku ngapi, fedha ngapi, na picha zote, hata zilizobaki, ziwe mali ya Jumuia. Wazee wawili na wachumaji wawili, mmoja wao mwanamke, wakae naye wakati wa kuandika mpango na wakati wa kuchambua picha. Na wale vijana wenye simu wasiachwe nje: wamfuate fundi kama wanafunzi, wambebee vyombo, wamwulize. Senema ya pili wataitengeneza wao.

Fedha hizi zimetoka katika jasho la wanachama, na kwa sababu hiyohiyo hazifai kutupwa katika kazi ya kubahatisha. Karafuu hungoja miaka mingi kabla mti haujazaa. Nasi twaweza kungoja msimu mmoja ili tupate senema isiyotuaibisha. Ukali wa jino, si ukubwa wa mdomo, ndio utafunao.