Sindano ya mgongo: tuiache



Kila mwisho wa mwezi, mshahara ukisha kutoka, farmasi za mitaani hapa Goma zinajaa wanaume walioshika kiuno. Wanaomba kitu kimoja: sindano ya mgongo. Muuzaji anachanganya diklofenaki na deksametazoni, pengine anaongeza vitamini nyekundu ili dawa ionekane ina nguvu. Mgonjwa anachomwa, analipa, anarudi kazini. Siku tatu au nne anajisikia kijana. Kisha maumivu yanarudi, naye anarudi farmasi. Mimi nasema desturi hiyo inatuharibia watu, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na mguu. Wengi wanafika dispanseri wakisema: "Mguu unaniuma toka tako mpaka kisigino, unawaka kama pilipili." Mmoja ameambiwa na jirani kwamba alikanyaga dawa ya mchawi, mwingine kwamba ni figo, mwingine kwamba ni rimatizimu. Mara nyingi mguu wenyewe hauna ubaya wowote. Ubaya uko kiunoni. Kati ya mifupa ya uti wa mgongo kuna diski, kama mito midogo ya kupunguza kishindo. Ukiinama na kujigeuza huku umebeba mzigo mzito, au ukikaa miaka mingi kwenye kiti cha lori linalotetemeka, diski inaweza kuchakaa na kutokeza nje, ikabana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Mshipa unabanwa juu, maumivu yanasikika chini. Waganga wawili wa Boston, Mixter na Barr, waliandika habari hiyo mwaka 1934, kwa hiyo si jambo geni.

Namna ya kujua? Mgonjwa alale chali, nami nainua mguu wake ukiwa umenyooka. Maumivu yakishuka mpaka chini ya goti kabla mguu haujafika juu, nadhani ni diski. Lakini ikiwa mguu unauma ukitembea na unatulia mara ukisimama, huenda damu haipiti vizuri. Ikiwa ndama ya mguu mmoja imevimba na ina joto, huenda damu imeganda ndani, na hapo usingoje kesho. Nyayo zote mbili zikiwaka usiku, tupime sukari. Mnaona basi: maumivu ya mguu yana mizizi mingi, na farmasi ina sindano moja tu kwa wote.

Sasa sikilizeni jambo ambalo muuzaji hasemi. Wengi wenye diski iliyotokeza wanapata nafuu kubwa katika majuma 6 hadi 12 bila kupasuliwa, kwa sababu diski yenyewe hunywea pole pole. Mwili unafanya kazi, sindano inapokea sifa!

Na bei ya sifa hiyo si feza tu. Diklofenaki inaweza kutoboa tumbo likatoka damu. Inaumiza figo, zaidi za mtu anayetoka jasho shimoni bila kunywa maji ya kutosha, au mwenye tansio ya damu. Deksametazoni ikirudiwa inapandisha sukari, inalegeza mifupa na kupunguza nguvu ya mwili ya kupigana na vijidudu. Tena, mkono usiojua ukichoma tako mahali pabaya, sindano inagusa ule ule mshipa wa mguu. Mtu aliyeingia akichechemea anatoka akiburuta wayo.

Linaloniogopesha zaidi ni kifua kikuu cha mgongo. Mganga Mwingereza Percivall Pott alieleza ugonjwa huo mwaka 1779. Vumbi la mawe linadhoofisha mapafu, na mtu wa migodi anashikwa na kifua kikuu upesi kuliko watu wengine. Vijidudu vinaweza kuhama toka kifuani vikala mifupa ya mgongo. Mgongo unauma usiku na mchana hata ukipumzika, jioni homa inakuja, usiku shuka zinalowa jasho, suruali inalegea kiunoni. Deksametazoni inatuliza homa na maumivu, mgonjwa anafurahi, na mifupa inaendelea kuliwa. Mwisho ni kibyongo, au miguu kufa kabisa. Dawa za kifua kikuu katika nchi yetu zinatolewa bure. Zinachukua miezi 6, na kwa mgongo waganga wengi wanaongeza mpaka 9 au 12. Bibi, wewe unayefua mashuka ndiwe unayeona jasho hilo kwanza. Usinyamaze.

Kuna dalili nyingine ya haraka: mkojo kukataa kutoka au kutoka bila kujua, ganzi katikati ya mapaja, miguu kulegea. Hiyo ni safari ya hospitali siku ile ile, hata usiku. Hapa mjini tunayo Heal Africa, iliyoanzishwa na mganga wa mifupa, Jo Lusi.

Kwa maumivu ya kawaida, usilale kitandani majuma mawili. Mgongo unaolala unakuwa mvivu. Tembea kidogo kidogo, weka chupa ya maji ya moto kiunoni, usiku lala ubavu na mto kati ya magoti. Kidonge cha kutuliza kwa siku chache, baada ya chakula, ukiwa umepimwa. Kisha mazoezi, kwa yule tunayemwita kine. Shirika la Afya la Dunia mwaka 2023 lilishauri mazoezi kwa mgongo uliouma zaidi ya miezi mitatu, na halikushauri mikanda ile ya kiuno inayouzwa sokoni.

Neno la mwisho naliwapa wakubwa na makapita. Tunawafundisha watu kupiga magoti na kushika mzigo karibu na tumbo. Ni vizuri, lakini mfuko wa kilo 50 haupungui kwa mafundisho. Mwaka 1967 Shirika la Kazi la Dunia lilishauri mwanamume asibebe zaidi ya kilo 55. Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani waliweka kilo 23, tena mahali pazuri pasipo utelezi wala kuinama. Tujaze mifuko ya kilo 25, na tuweke magurudumu kila panapopitika. Mji uliosimamishia chukudu sanamu hauhitaji kufundishwa kwamba gurudumu linashinda mgongo! Na mtu akisema kiuno kinauma, apewe kazi nyepesi bila kuitwa mvivu. Wengi wanaficha maumivu kwa kuogopa jina hilo, na ndiyo njia inayowapeleka kwa sindano.

Mama anayeteka maji na bidoni ya lita 20 naye anabeba kilo 20 kila safari. Dispanseri ni yake pia.

Ukija, leta maboksi na vichupa vya dawa zote ulizokwisha kuchomwa, hata vitupu. Hatutakugombeza, tunataka kusoma majina tu.