Msiwalaumu akina mama kwa kuponi

Kuna maoni yamechapishwa kwamba kuponi za chakula zinaharibu lishe ya waliohamishwa na vita: eti wakiachiwa uchaguzi, hununua unga na sukari, basi heri wagawiwe magunia. Nayakataa.

Mama aliyekimbilia Mubambiro, kwenye barabara ya Goma na Sake, mashariki mwa Kongo, amechagua chakula kwa pesa kidogo maisha yake yote. Kwenye masoko ya kuponi, kama yale ambayo Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (PAM) limeyaandaa Kivu ya Kaskazini, mtazame akiwa mbele ya muuzaji: anatumbukiza mkono katika maharagwe, anatafuta yaliyotobolewa na wadudu, kisha anaomba mawese mekundu. Mawese hayo yana karotini kwa wingi, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Akiongeza sambaza kavu, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, watoto wamepata protini kwa bei nafuu kuliko nyama. Gunia lililopangwa ofisini lingempa uchaguzi huo?

Shida ipo kwingine. Kuponi hutumika siku ileile ya soko, na mboga kama lengalenga, inayoharibika upesi, hainunuliwi ya mwezi mzima. Maharagwe nayo yanakula makaa, hata ukiyaloweka usiku kucha. Na mapema 2024 vita vilipofunga njia za kuleta chakula kutoka Masisi, maharagwe na viazi vilipanda bei Goma. Kuponi yenye thamani ileile ikanunua kidogo zaidi.

Mwandishi wa maoni hayo angedai thamani ya kuponi ifuate bei ya soko, na sehemu itolewe taslimu kwa ajili ya mboga na makaa, ningemuunga mkono. Yeye amechagua kuwalaumu akina mama.