Uchungu Haungoji Daladala

Sisi tunaokaa pembezoni mwa Dar es Salaam, kama Chanika, Mbagala au Bunju, tunakijua kituo cha daladala saa kumi na moja alfajiri. Vijana hupandia madirishani. Mama mjamzito hubaki amesimama na mkoba wake. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 katika Barabara ya Morogoro tulishukuru, lakini hata huko abiria walikuja kulalamikia uchache wa mabasi.

Asubuhi moja, nikikaribia kumaliza zamu ya usiku, aliletwa mama ambaye uchungu ulimwanza saa nne usiku. Alikuwa amengoja daladala ya kwanza. Mtoto alilia baada ya kuhangaikiwa sana. "Nesi, magari hakuna," aliniambia. Sikumgombeza. Alisema kweli.

Tudai usafiri bora kwenye mikutano ya mtaa, tena tusichoke. Lakini mimba haingoji serikali. Ikifika miezi saba, weka pembeni nauli ya bajaji au teksi, wala usiiguse hata unga ukiisha. Zungumza mapema na baba watoto na jirani mwenye gari. Bandika ukutani namba ya dereva anayekubali kuamshwa usiku.

Ukiona damu, chupa ikipasuka, au kichwa kikiuma sana na macho kuona maluweluwe, usiende kituoni kusubiri. Amsha watu, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Nawe uliyepata kiti leo, mpishe mjamzito.