Kabla ya kuiba maji, Diana alichukua mikro



Juma lililopita nilikuta vijana wa kartye yetu hapa Kalemie wamekaa pale wanapochajia simu, wanabishana. Siku ile hayakuwa mambo ya mpira. Walikuwa wanaulizana: katika filamu zote za watu wa kutoka angani, adui gani ni mjanja kupita wote? Huyu anataja mwenye mkia mrefu, yule anataja wenye mashine za kubomoa miji. Mimi nikajibu bila kufikiri mara mbili: Diana. Wakanitazama. «Diana gani, yaya? Yule wa Uingereza?» Wakacheka sana, na mimi nikacheka, lakini jibu langu sikulibadilisha. Leo nataka kueleza sababu, kwa kuwa jambo lenyewe linagusa kazi yangu ya redio, na linawagusa ninyi mnaotusikiliza.

Diana ninayemsema anatoka katika filamu ya televisheni ya Marekani inayoitwa V, iliyoandikwa na Kenneth Johnson. Sehemu ya kwanza ilionyeshwa na NBC mwezi wa tano 1983, ya pili 1984, halafu ikaendelea kila juma mpaka 1985. Aliyecheza Diana ni Jane Badler. Sisi tuliiona miaka mingi baadaye, utotoni, kwa kaseti, katika nyumba ya video yenye jenereta nyuma. Sauti ilikuwa ya Kifaransa, na mwenye video alisimama kando ya televisheni anatueleza kwa Kiswahili. Mara nyingine aliongeza maneno yake mwenyewe. Hatukumlaumu.

Habari yenyewe ni hii. Meli kubwa 50 za angani zinakuja na kusimama juu ya miji mikubwa ya dunia. Watu wanaogopa. Lakini wageni wanaoshuka wana sura kama zetu, wanatabasamu, wamejipa hata majina yetu: John, Steven, Martin, Diana. Wanasema nyumbani kwao kuna shida, wanaomba tu tuwatengenezee dawa fulani za viwandani, na wao watatupa elimu yao kubwa. Wanapokelewa kwa muziki. Kumbe uso ule ni ngozi ya bandia. Chini yake kuna mnyama wa jamii ya mijusi, na walichokuja kuchukua ni maji yote ya dunia, na watu wenyewe kwa chakula.

Kila aliyeiona filamu hii anakumbuka Diana akimmeza simbilisi mzima, akiwa hai. Pale nyumba ya video tulipiga kelele mpaka mwenye nyumba akatishia kuzima jenereta. Na sisi si watu wa kushangaa simbilisi kuliwa, maana Kivu wanafuga wengi kwa ajili ya mboga. Tulishangaa namna ya kumla. Basi kwa miaka mingi nilidhani huo ndio ubaya wa Diana: taya lile, na koo linalovimba.

Nilipoiona tena nikiwa mtu mzima, tena mwandishi wa habari, ile simbilisi haikunitisha. Kilichonitisha ni mwanamke mwingine anayeitwa Kristine Walsh.

Kristine si mjusi. Ni mwandishi wa televisheni, mwenye sifa, watu wanamwamini. Wageni hawakumtisha kwa bunduki. Walimpa nafasi. Walimpandisha kwenye meli yao, wakampa habari ambazo wenzake hawakuzipata, mwisho wakamfanya msemaji wao. Upande wa pili kuna mwenzake, Mike Donovan, mpiga picha. Huyu anajificha, anaingia ndani ya meli, anawapiga picha Diana na mwenzake wakila wanyama hai, anakimbia na kaseti mpaka kituo cha televisheni. Iko karibu kuonyeshwa. Palepale matangazo yanakatwa, wageni wanashika mawimbi, na sura inayotokea kusoma tangazo lao ni ya Kristine. Donovan anageuzwa mhalifu wa kutafutwa.

Tazameni hesabu ya hawa wageni. Walikuwa na silaha za kuunguza mji. Hawakuanza nazo. Walianza na sauti ambayo watu walikuwa wameizoea. Mgeni akisema «tunawapenda», utasitasita. Lakini yule mtu wako wa kila jioni akisema «wanatupenda», utafungua mlango.

Jambo la pili lilikuwa kumtafuta wa kulaumiwa. Wageni waliogopa wanasayansi, kwa sababu hao ndio wangeweza kuvumbua ukweli. Basi ikatangazwa kwamba wanasayansi wamefanya njama. Diana alikuwa na chumba chake cha kubadilisha akili za watu, na wengine wakatoka huko wakikiri makosa ambayo hawakuyafanya. Majirani wakaanza kuchongeana. Kijana Daniel, ambaye kila kazi ilimshinda, akapewa sare na bunduki ya wageni. Babu yake, mzee Abraham, alikuwa Myahudi aliyepona mauaji ya Wanazi, na alisisitiza kuwaficha jirani mwanasayansi na familia yake. Daniel akawachongea. Jamaa zake mwenyewe wakakamatwa, na yule mzee akafa.

Johnson hakutunga haya kutoka hewani. Mwanzo alitaka kuandika juu ya udikteta kuingia Marekani, akisukumwa na kitabu cha Sinclair Lewis cha 1935 chenye mawazo hayohayo. Watu wa angani waliongezwa baadaye, ili televisheni ikubali. Na ile herufi V ambayo mzee Abraham anawafundisha watoto kuchora ukutani ni V ya ushindi.

Sasa nieleze kwa nini mimi, mtu wa redio ndogo, nakosa usingizi kwa ajili ya Kristine Walsh.

Miaka kadhaa iliyopita watu fulani walifika katika kijiji kimoja cha upande wetu kuzindua kazi ya maji. Nisiwataje. Tuliitwa waandishi wanne. Kulikuwa na viti vya plastiki, soda, hotuba, na jiwe la msingi. Mwishoni kila mmoja wetu akapewa bahasha. Kila mtu wa kazi yetu Kongo anajua jina lake: coupage. Pamoja na bahasha ikaja karatasi iliyoandikwa tayari. Hakuna aliyesema «usiulize». Bwana mmoja alinishika bega tu akasema: «Tunakuamini, utaisoma vizuri.» Nikaisoma vizuri. Nilisema hewani kwamba bomba litatoa maji kabla ya masika, na kwamba kila nyumba itoe mchango wake kwa kamati.

Watu wakatoa. Wengine waliuza mihogo, wengine walikopa. Bomba lilisimamishwa, rangi ya buluu nzuri. Maji hayakutoka hata siku moja. Mwaka uliofuata nilipita pale na pikipiki, mama mmoja akanitambua kwa sauti, si kwa sura. Akaniambia: «Baba, wale wageni mimi siwajui. Mimi nilikuamini wewe.» Hakutukana. Aliendelea kutwanga. Nilitafuta jibu, sikulipata, na mpaka leo silo nalo.

Sikupelekwa kwenye chumba cha Diana. Hakuna aliyenibadilisha akili. Franga chache tu, na maneno mazuri mbele ya watu. Ndiyo maana nasema ujanja wa Diana unanitisha kuliko meno yake: hauhitaji wewe uwe mtu mbaya. Unahitaji tu usiulize swali moja siku moja.

Filamu ile ilirudiwa na ABC kuanzia 2009, na kiongozi wa wageni akawa Anna, aliyechezwa na Morena Baccarin. Vijana wengi wanaijua hiyo zaidi. Humo Anna anakaribia kuhojiwa na mwandishi Chad Decker. Kabla kamera haijawashwa, anamwomba kwa upole asiulize chochote kitakachowaonyesha wageni vibaya. Chad anababaika, halafu anakubali, na jina lake linapanda. Kila mwandishi aangalie kipande hicho. Hakina damu hata tone.

Najua wenzangu watanijibu. Watasema: yaya, redio hailipi mshahara, mafuta ya pikipiki tunanunua wenyewe, watoto wanadaiwa pesa za shule, na wewe unatuletea habari ya mijusi? Ni kweli. Mwandishi mwenye njaa ni mlango usio na kufuli, na wakubwa wa redio wanaomwacha hivyo wana sehemu yao ya lawama. Sisemi kila anayepokea pesa ya usafiri ni Kristine. Nasema tufanye mambo mawili yasiyohitaji pesa. La kwanza: ukisafirishwa na mtu, useme hewani, «tulipelekwa na fulani, yeye ndiye aliyelipa safari». Msikilizaji atapima mwenyewe. La pili: karatasi uliyopewa usiisome kabla hujauliza maswali matatu. Nani analipa? Nani atabaki na kitu hiki ninyi mkiondoka? Nani amekataa, na kwa nini? Tangu yule mama, ninauliza. Nimekosa mialiko. Bahasha pia nimezikosa.

Kuna onyo moja zaidi, na kwa nchi yetu ni kubwa. Mtu anaweza kuiona V akatoka na funzo la kipumbavu: kwamba kila mgeni ni mjusi, tumfukuze. Tumewasikia watu wakiwaita majirani zao nyoka, tukajua kilichofuata. Lakini filamu yenyewe inakataa. Aliyemweleza Donovan ukweli wote, juu ya maji na juu ya watu, ni Martin, na Martin ni mgeni, mjusi kama Diana. Wapo wengine kama yeye waliowasaidia binadamu kwa siri. Na aliyewauza jirani zake ni Daniel, mtoto wa nyumbani, mwenye damu na ngozi yake halisi. Anayetuambia «adui ni kabila lile» au «adui ni wasomi» anafanya kazi ya Diana, hata kama babu zake wamezikwa hapa.

Je, Kristine aliishaje? Katika sehemu ya pili wageni wanafanya sherehe kubwa katika hospitali, inaonyeshwa moja kwa moja. Wapinzani wanaingia na kumchana John, mkubwa wa wageni, uso wa bandia mbele ya kamera. Diana anamwamuru Kristine awaambie watazamaji kwamba hayo ni uongo. Anashika mikro, anaangalia kamera, na safari hii anasema kweli. Diana anampiga risasi palepale.

Vijana nilipowasimulia mwisho huo walinyamaza kidogo. Mmoja akasema: «Basi alijirekebisha.» Nikamjibu: ndiyo, na ninamheshimu. Lakini fikiria kama angeuliza siku ya kwanza, wakati Diana alikuwa bado anatabasamu. Swali la siku ya kwanza lingemgharimu mwaliko tu. La mwisho lilimgharimu uhai, na wakati ule wengi walikuwa wamekwisha kuchukuliwa.

Ninyi wasikilizaji, msituachie kazi hii peke yetu. Mkisikia sauti yangu inasifu kitu bila kuuliza bei yake, nipigieni simu redioni. Yule mama hakuwa na namba. Alisubiri mwaka mzima nipite.