Wasafiri Wanapoagana

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo unawahusu pia wapenda safari.

Mkahawa wa Thorn Tree ulifunguliwa mwaka 1959 katika hoteli ya New Stanley, Nairobi. Wasafiri walibandika barua na maelezo ya njia kwenye shina la mgunga uliosimama hapo, na baadaye kwenye ubao. Simu na barua pepe zilipoenea, desturi hiyo ilififia; jumuiya ya watu wasiojuana lakini wanaoelekezana ikatawanyika.

Migunga kama huo, wenye gome la manjano, ndiyo pambo la ziwa Nakuru. Maji ya ziwa yalipopanda mwanzoni mwa miaka ya 2010, mingi ilikauka, lango kuu la mbuga likafurika, na heroe wengi wakahamia Bogoria.

Je, nani ameandika jinsi ziwa lilivyokuwa? Wanafunzi wameandika. Tangu mwaka 1968, mbuga ilipotangazwa na Wildlife Clubs of Kenya ilipoanzishwa, vizazi vya wanafunzi vimelizuru ziwa hilo na kuandika ripoti. Lakini ripoti ikishasahihishwa, aghalabu huishia jaani.

Kuagana si aibu. Aibu ni kuagana bila kukabidhi. Basi walimu na wanafunzi waziweke ripoti hizo katika maktaba ya shule, kila moja na tarehe yake. Chama cha safari kinaweza kuvunjika, lakini daftari lake litamwelekeza ajaye.