Kaa wa Pwani na Hesabu ya Mwezi

Wenzetu wa Shituru, na wa Likasi nzima, wamjua kaa wa mtoni. Ukifuata vijito vya mbali na viwanda (karibu na viwanda hatuwashauri watoto kuvua kitu chochote), ukainua mawe, utampata. Ukimgeuza jike kwa majira yake, utaona amebeba chini ya tumbo vikaa vidogo vyenye miguu yote. Vimekwisha kutoka katika mayai, wala mama hajaviacha. Kaa huyu hana haja ya kuuliza mwezi uko wapi leo.

Ndugu yake wa pwani hali yake ni nyingine. Twende naye msomaji mashariki, zaidi ya kilomita elfu moja, mpaka kwenye mikoko ya Gazi, kusini ya Mombasa. Huko bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kwa kuvutwa na mwezi na jua. (Ziwa Tanganyika nalo huvutwa, lakini kidogo mno hata jicho halioni.) Mwezi unapokuwa mpevu, na tena unapoandama, vyote viwili huvuta pamoja, na maji hujaa sana na kupwa sana. Watu wa pwani huyaita bamvua. Katikati yake ni siku za maji mafu, yasiyopanda sana wala kushuka sana.

Maji yakipwa, kaa wadogo hutoka mashimoni mwao kutafuta chakula katika tope. Dume ana gando moja kubwa ajabu, ambalo laweza kufika karibu nusu ya uzito wake. Husimama mlangoni pa shimo lake akilipunga juu na chini, kumwita jike. Jike naye si mwepesi wa kushawishika: huingia shimo hili, hutoka, huenda kwa jirani, hukagua tena. Akiridhika hubaki, wakaungana humo ndani. Mara nyingine huungana juu ya tope. Kisha hubeba mayai chini ya tumbo kwa majuma mawili hivi.

Hapo ndipo penye shida. Watoto wa kaa huyu hawazaliwi wakiwa kaa. Ni vidudu vidogo sana, navyo vyapaswa kuelea baharini majuma kadhaa kabla ya kurudi pwani. Vikiachiliwa wakati wa maji mafu, hubaki karibu na ufuko, penye vinywa vya samaki. Vikiachiliwa usiku wa bamvua, maji yanapoanza kupwa, mkondo huvichukua mbali gizani. Basi jike lazima achague mume kwa hesabu ya majuma mawili yajayo. Akikosea kwa siku nne au tano, aweza kupoteza sehemu kubwa ya kizazi chake, hata kama dume alikuwa hodari.

Tena bamvua mbili za mwezi mmoja hazilingani. Mwezi huikaribia dunia kila siku 27 na nusu hivi, bali mwezi mpevu hurudi kila siku 29 na nusu. Kwa tofauti hiyo, miezi kama saba bamvua ya mwezi mpevu ndiyo kubwa, kisha miezi saba ni ile ya mwezi mwandamo. Mwaka 2005 Martin Skov na wenzake, miongoni mwao Renison Ruwa wa Kenya na Jude Shunula wa Unguja, walieleza katika jarida la Ecology kwamba kaa wa Afrika Mashariki hufuata mzunguko huo wa miezi 14: bamvua kubwa ikihama, nao huhamisha uzazi wao.

Wanajuaje? Wataalamu wamewaweka kaa wa namna hii chomboni, pasipo bahari wala mwanga wa mwezi. Kwa siku kadhaa waliendelea kuchangamka na kutulia kwa saa za maji ya kwao.