AFYA YA FAMILIA: Miguu Igeuke Kuanzia Nyonga

Mwaka jana mama mmoja alituletea binti yake wa miaka 11 anayejifunza baleti. Goti lilimuuma, na mama aliogopa kwamba tutamkataza kucheza. Tulimwomba binti asimame kama afanyavyo darasani. Aliunganisha visigino, akasukuma vidole nje mpaka nyayo zikakaribia kuwa mstari mmoja. Lakini magoti yalibaki yakitazama mbele. Hapo ndipo palipokuwa na shida.

Katika baleti, mguu mzima hugeuka nje kuanzia kwenye nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja ni cha mviringo, nacho huzunguka ndani ya kikombe cha nyonga. Goti si hivyo. Kazi yake hasa ni kukunja na kunyoosha. Nyayo zikilazimishwa kupita nyonga, goti hupindwa na unyayo hulalia ndani.

Watoto hawalingani. Umbo la mifupa huweka mpaka, kwa hiyo tusimshindanishe na mwenzake. Tunachoweza kuongeza ni nguvu ya misuli ya makalio, inayogeuza nyonga na kuifanya imara. Afanye hivi mara tatu kwa wiki, baada ya kupasha mwili moto:

1. Alale ubavu, magoti yamekunjwa, visigino vimegusana. Ainue goti la juu, ahesabu hadi 3, alishushe polepole. Kiuno kisiangukie nyuma. Mara 10 kila upande.

2. Alale chali, magoti yamekunjwa, nyayo sakafuni. Akaze makalio, ainue kiuno, ahesabu hadi 5. Mara 10.

3. Asimame kwa mguu mmoja karibu na kiti, sekunde 20 kila mguu. Kiuno kisishuke upande mmoja.

Mama, kaa naye utazame. Akikunja magoti, kila goti lielekee vidole vya mguu wake.

Mazoezi yasilete maumivu. Akiumwa kinena, akichechemea, au akipata homa pamoja na maumivu ya nyonga, asicheze; mpeleke hospitali. Kumbuka pia kwamba maumivu ya goti kwa mtoto huweza kutoka kwenye nyonga.

Binti yule hakuacha baleti. Nyayo zake hazifanyi tena mstari mmoja, lakini goti limetulia, naye husimama imara.